Reli Ndogo ya Mkomaindo

Tulimzika Benedikto kule Newala siku ya ukungu, na katika wote waliosimama kuzungumza hakuna aliyetaja treni. Walimtaja kama mchongaji, kama baba wa watoto sita, kama mzee wa kanisa asiyependa mahubiri marefu. Baada ya maziko, binti yake mkubwa, Stella, alinipeleka uani kunawa mikono, na pale nikaona ubao mrefu umelazwa juu ya matofali, umeanikiwa muhogo. Niliujua kwa matundu yake. Nikamwuliza Stella kama anajua ubao ule ulikuwa wa kazi gani. Alisema baba yao aliwakataza kuuchanja kuni, lakini hakuwaeleza sababu, nao hawakuuliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kukataza mambo mengi. Nikasimama pale mikono yangu ikichuruzika maji. Tuliokuwa kwenye Chama cha Reli Ndogo tulikuwa wanne, na sasa nimebaki mimi. Nimeona niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, na pale nisipoelewa nitasema sielewi. Nimefundisha fizikia tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu, na kusema sielewi hakunitii aibu tena.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepangiwa shule ya sekondari Masasi, na nilipanga chumba mtaa wa Mkomaindo kwa Mama Hadija, mwanamke wa makamo aliyeshona nguo barazani kwake. Ulikuwa mwaka wa uhaba wa sabuni. Tulifua kwa majani ya mpapai, na mashuka yangu yalikuwa na rangi ya chai. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama mwamba mkubwa ulio nyuma ya mji, ule mlima wa jiwe tupu ambao alasiri hugeuka rangi ya damu iliyokauka. Tulikula pamoja ukumbini, mimi na Mama Hadija, ugali wa muhogo na kisamvu, au mbaazi, na msimu wa kiangazi ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo wanawake huichimba na kuiuza kwa mafungu. Alikuwa mwanamke mtaratibu, asiyependa sauti kubwa. Kila Ijumaa alifungua sanduku la bati, akatoa kanzu moja na mashati mawili ya kiume, akayaanika kwenye kamba, jioni akayakunja na kuyarudisha. Sikumwuliza. Habari yake niliisikia kisimani, wanawake wakizungumza mimi nikijifanya nahesabu ndoo.

Walisema mumewe, Saidi, alikuwa mfanyakazi wa reli. Siku hizi ukimwambia kijana Masasi iliwahi kuwa na reli atadhani unamtania, lakini ilikuwepo, ilitoka pwani, na ilipoonekana haina kazi ikafungwa, ikang'olewa chuma kwa chuma, ikapakiwa kwenye mabehewa yake yenyewe na kuondoka. Likabaki tuta tu, ambalo watu hupita kwa baiskeli. Saidi, walisema wale wanawake, aliondoka na mabehewa ya mwisho kwenda pwani kutafuta kazi bandarini, akamwacha mkewe na mtoto mchanga, na hakutuma hata salamu. Walikuwa na hakika ana mke mwingine huko. Mashehe walikuwa tayari kumvunjia Mama Hadija ndoa ile ili aolewe, na wanaume watatu walikwisha kupeleka posa kwa nyakati tofauti, wote akawakataa. Mtoto mchanga yule, Hadija, alikwisha kukua na kuolewa Chiwata. Mmoja wa wanawake alisema kwa sauti ya chini kwamba mwenzao hana mume na wala si mjane, na aliyemweka katika hali ile atajibu kwa Mungu. Wakati huo nilidhani mtu huyo ni Saidi.

Mzee mmoja wa mjini, Athumani, alikuja shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi za kufika magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye kabati la vifaa vya maabara. Aliniuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza mjini pale: mota ya redio kaseti inaweza kuvuta uzito gani. Alikuwa nyapara wa genge la matengenezo ya reli hadi siku ilipong'olewa, na sasa alitaka kuijenga upya, ndogo, ya kutosha juu ya meza, ikiwa na treni inayokwenda kwa umeme, watu waione kabla walioijua hawajafa. Alikwisha kumpata mchongaji kijana kutoka Newala, Benedikto, aliyekuwa amepanga Mkomaindo kwa kazi ya kuchonga milango, na alikwisha kumwomba Mama Hadija ghala lake la korosho lililokuwa tupu. Nilishangaa kwamba Mama Hadija alikubali. Lakini alikubali, akatoa na ufunguo wa pili, akasema yeye atashona bendera na mapazia ya mabehewa. Hivyo tukawa chama. Mzee Athumani aliandika majina yetu manne kwenye daftari la shule, akachora mstari chini yake kwa rula.

Nalikumbuka ghala lile kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Halikuwa na dirisha. Mlango ukifunguliwa mwanga uliingia kama ubao mweupe na kulala juu ya meza, na pembeni kote kukabaki giza lenye harufu ya maganda ya korosho, ile harufu kali inayokaa kooni. Tulifanya kazi alasiri, baada ya vipindi vyangu. Reli tulizitengeneza kwa spoki za baiskeli, zilizonyooshwa na kulehemiwa kwa risasi kichwa kwa kichwa. Mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yalikuwa vipande vya mianzi vilivyopigiliwa mezani kwa misumari. Mwendo wa treni niliupunguza na kuuongeza kwa waya wa pasi iliyoungua, na umeme ulitoka kwenye betri ya gari. Injini ya kwanza Benedikto aliichonga kwa mpingo, nzuri ajabu, na mota ikashindwa hata kuitikisa. Ya pili aliichonga kwa mti wa msufi, nyepesi kama kikapu, akaipaka masizi ya sufuria. Ilipozunguka meza mara ya kwanza Mama Hadija aliweka mkono mdomoni. Mzee Athumani alipiga saluti, kisha akageuka ukutani.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya nini kiingie mezani. Hakuna chumba kinachoweza kubeba reli nzima. Kipimo chetu cha nchi kilikuwa shubiri moja kwa hatua mia, na hata hivyo treni yetu ilikuwa kubwa mno kwa nchi yake, kama ng'ombe katikati ya mbuzi. Tulikubaliana stesheni ya Masasi iwepo, na mwamba nyuma yake. Mimi nilitaka upande wa pili tuweke daraja, maana daraja linapendeza macho. Mzee Athumani alikataa. Alitaka Maili Kumi na Nne, mahali ambapo hapakuwa na stesheni wala nyumba, ila kona, kalvati moja la maji ya mvua, na mashamba ya mtama. Nilimwambia watu hawatatoka makwao kuja kutazama kona. Akasema kama haipo Maili Kumi na Nne basi na yeye hayupo. Benedikto akanikonyeza nikubali, nikakubali. Mzee akaenda kule kwa baiskeli mara mbili, akapima tuta kwa hatua zake, akarudi na karatasi. Kila kitu cha mahali pale alikiweka kwa mkono wake mwenyewe: kona, kalvati, na shubiri mbili kamili mbele ya kalvati, kando ya reli, vijiwe vitatu. Nilipomwuliza vijiwe ni vya nini alisema vilikuwepo.

Watu wa mezani walichongwa na Benedikto. Aliwachonga wakubwa kama kidole gumba, bila kuchagua sura, karani wa stesheni, mwanamke mwenye mzigo, mtoto, askari. Alipenda kusema kwamba hachongi mtu, anamtoa tu mtu aliyemo ndani ya mti, na mimi nilikuwa namcheka. Alasiri moja alikuja na watu wapya sita ndani ya kofia yake. Watano tukawapanga stesheni. Wa sita alikuwa mwanamume amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, mikono mapajani, kama mtu aliyechoka kusubiri. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka chini ya lile la kulia. Benedikto alisema hakukusudia bega lile, mti ulikuwa na fundo upande ule, kisu kikafuata njia yake. Kwa kuwa mtu wa kukaa hakufaa stesheni, alimweka Maili Kumi na Nne, karibu na vile vijiwe, asijue lolote. Mzee Athumani aliingia, akaanza kukagua kazi ya siku kama kawaida yake, kidole kikitembea juu ya reli. Kidole kikasimama. Alitoka nje bila kusema neno, na tulimsikia akitapika nyuma ya ghala. Aliporudi alisema ni mbaazi za jana. Nilimtazama Mama Hadija nione kama ameamini, lakini yeye hakuwa anatutazama. Alikuwa ameinama juu ya yule mtu aliyekaa, amemkazia macho, na sindano yenye uzi imebaki hewani mkononi mwake.

Tangu wiki ile injini ikaanza kusimama. Ilitoka stesheni vizuri, ikaupita mwamba, ikaingia kwenye kona, ikalipita kalvati, na mbele ya vile vijiwe ikanyamaza. Mwanzoni sikujali. Reli za spoki zina kutu, risasi huachia, hayo ndiyo maisha ya chama kama chetu. Nikasugua reli kwa msasa. Nikalehemu upya. Nikaweka balbu ya tochi juu ya reli mahali palepale, ikawaka vizuri kabisa, maana umeme ulikuwepo. Nikaigeuza treni ije upande wa pili, ikasimama palepale. Nikabadilisha mota, nikang'oa spoki mbili na kuweka mpya, nikapima kwa pima maji kama meza imeinama. Kila mara ilitosha kuisukuma kwa ncha ya kidole, upana wa kiganja kimoja, ikaendelea na safari kama kwamba hakuna lililotokea. Nilijaza kurasa nne za vipimo. Bado ninazo. Nimewapa wanafunzi wangu wazuri kwa miaka mingi watafute kosa, bila kuwaambia zaidi, na kila mmoja amekuja na kosa lake.

Kisha ukaja unga. Jumamosi moja tulifungua ghala tukakuta mbele ya vijiwe vitatu pana kilima kidogo cha unga wa mtama, mweupe, umemwagwa taratibu kwa vidole, kama wazee wa kwetu wanavyoumwaga chini ya mti wakiwakumbuka waliotangulia. Funguo zilikuwa mbili, ya Mama Hadija na ya Mzee Athumani. Mama Hadija aliniuliza kwa upole kama ni mzaha wa wanafunzi wangu. Mzee Athumani aliupuliza unga kwa mdomo, akasema tuendelee na kazi. Siku chache baadaye nilirudi mapema kutoka shuleni nikiwa na homa, nikajilaza chumbani kwangu, ukuta mmoja na ghala. Nilimsikia Mzee akizungumza mle ndani. Nilidhani yuko na Benedikto, mpaka nilipokumbuka kwamba Benedikto ameenda Lupaso kununua magogo. Sauti ya Mzee ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayemsihi mdai mvumilivu. Alisema, bado kidogo. Akanyamaza, kama anayesikiliza. Akasema tena, bado kidogo, wacha watu wajae. Nilivuta shuka mpaka kichwani, mchana ule wa jua kali, nikahesabu mabati ya paa kama mtoto.

Tulionyesha kwanza Masasi, katika ukumbi wa shule, na watu walifurahi. Treni iliposimama walicheka, wakasema hata ya zamani ilikuwa hivyohivyo. Ndipo tukaalikwa Newala, siku za maonyesho ya mazao. Tulipandisha meza kwa lori la magunia, imekatwa vipande vitatu, kila kipande kimefungwa blanketi, tukipanda zile kona za mlima huku Benedikto amekikumbatia kipande cha Maili Kumi na Nne kama mgonjwa. Mama Hadija alikuja pamoja nasi ili kusimamia chai. Juu kule baridi ilikuwa kali na ukungu haukuondoka tangu asubuhi. Ulitoka bondeni, ukapanda ukingo wa uwanda, na kufikia saa sita ulikuwa umeingia hadi ukumbini kupitia madirisha yasiyo na vioo, ukalala juu ya meza yetu, mpaka stesheni ya Masasi ikawa haionekani na mwamba ukatokeza kichwa tu. Watu waliokuja hawakuwa kama wa Masasi. Wengi walikuwa wazee, waliopanda kutoka vijiji vya tambarare na kuhamia juu. Hawakucheka. Walizunguka meza polepole, wakaelekeza vidole, wakatajiana majina ya watu kwa kunong'ona, huyu alikaa hapa, yule alikufa pale, na baadaye hata kunong'ona kukakoma. Ikabaki sauti ya injini tu, kama mdudu ndani ya kiberiti.

Bibi mmoja alisogea mpaka mbele. Alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu kama bibi wa Kimakonde wa zamani, na alitembelea fimbo ya mwanzi. Injini ikatoka kwenye kona, ikalipita kalvati, ikasimama. Nilinyoosha kidole niisukume, naye akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na baridi kama chupa. Alimwinamia yule mtu aliyekaa, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kimakonde, na Benedikto aliyekuwa kando yangu akajibu kwamba ni yeye aliyemchonga. Bibi akarudia kwa Kiswahili ili wote tusikie.

"Mlimjuaje huyu? Bega lake lilikuwa hivihivi. Nilikuwa shambani nafukuza ndege. Niliwaona wakimzika."

Niligeuka na kumwona Mama Hadija amesimama nyuma ya watu, birika mkononi. Alikuja mbele, watu wakampisha. Aliliweka birika sakafuni kwanza, taratibu, lisimwagike. Ndipo akauliza, na hakumwuliza bibi. Alimwuliza Mzee Athumani, akimwita kwa jina la binti yake.

"Baba Zuhura. Ni nani huyu?"

Mzee alikuwa amesimama kwenye swichi, kaptula yake ya kaki imelowa ukungu. Alivua kofia.

"Ni Saidi," alisema. "Hakwenda pwani, Mama Hadija. Nilimzika mimi."

Aliyaeleza yote palepale, mbele ya watu, bila kukaa. Ilikuwa siku za kung'oa reli. Kila siku injini ilirudi kinyumenyume kutoka Masasi ikibeba vyuma vilivyong'olewa, na Saidi alikuwa akitangulia kwa kiberenge, kile kigari cha kusukuma kwa mikono, kukagua njia. Kazi ya Athumani ilikuwa kusimama kwenye kona na bendera nyekundu mpaka Saidi arudi. Siku ile jua lilikuwa kali. Aliiacha kona, akaenda shambani kwa watu kuomba maji, na maji yalikuwa uraka, ile pombe ya mabibo, akaketi. Aliposikia injini alikimbia, akiwa na bendera mkononi, akamkuta Saidi amekwisha kugongwa. Msimamizi wao, mgeni aliyebakiza wiki chache aondoke nchini, alisema reli imekwisha kufungwa, hakuna wa kumwandikia taarifa, na taarifa ikiandikwa Athumani atafungwa. Walimwosha Saidi kwa maji ya tangi la injini. Waliomswalia walikuwa wanne. Wakaweka mawe matatu, na Athumani ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia mkewe kwamba mumewe ameondoka na mabehewa. Wale wengine watatu walikwisha kufa. Alisema kwa miaka yote ile alikwenda mlangoni kwa Mama Hadija mara nyingi, akapiga hodi, akakaribishwa, akaishia kuomba maji ya kunywa. Akafikiri kwamba akiijenga reli yote, na kuiweka mahali penye watu wengi, labda mdomo utafunguka. Nilimwuliza juu ya unga, maana hilo tu ndilo lililonijia. Alisema unga ulikuwa wake. Aliumwaga Jumamosi ile na wiki zilizofuata, kila alipopata nafasi. Lakini mtu wa kuchonga hakumwagiza, bega hakumwambia mtu yeyote, na njiani pale hakufanya lolote la kuisimamisha injini. Aliapa kwa Mungu, na mimi nilimwamini, na ningependa sana nisimwamini.

Mama Hadija hakulia. Alilichukua birika, akaenda nalo nje. Nilimfuata, nikamkuta amesimama kwenye ukungu akimwaga chai chini, kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Akaniambia tufunge mizigo.

Siku ya tatu tulikwenda Maili Kumi na Nne, yeye, Hadija na mumewe kutoka Chiwata, shehe mmoja, Benedikto na mimi, na Mzee Athumani mbele kama mfungwa. Alipofika kwenye kona hakupatambua tena. Mashamba ya mtama yalikuwa yamekuwa mikorosho, matawi yamegusa ardhi, na chini yake mchana ulikuwa kama magharibi. Hakuna ndege aliyelia mle. Mzee alikwenda huku na huko akishikashika mashina, akisema alipaona juzi tu, alipopima, na machozi yakimtoka kwa hofu kwamba tutadhani anadanganya. Benedikto ndiye aliyetafuta kalvati, akalikuta limejaa majani. Akatuambia kwamba mezani kutoka hapa ni shubiri mbili. Akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, sisi nyuma yake mstari mmoja, na katika mia na tisini na kitu akainama chini ya mkorosho, na mawe yalikuwepo. Yalikuwa yamezama nusu. Hadija, ambaye hakumbuki sura ya baba yake, alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele, na kwa muda ule nilimwona ana bega la kushoto lililoshuka. Nimemwona mara nyingi baadaye. Mabega yake yako sawa.

Shehe alisoma, dua ikaombwa, na tuliporudi alimweleza Mama Hadija kwamba eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume anapofariki, kwa hiyo yake ilikwisha zamani na hana deni lolote. Alimsikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Imekwisha bila mimi kuambiwa. Nitakaa." Akakaa miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, cherehani imefunikwa. Mimi nilipika na kuteka maji. Vipande vya meza vilirudi na Benedikto kwake, mbao zimekwisha kupinda kwa unyevu wa Newala, na treni haikuwashwa tena, kwa hiyo sijui kama ingepita pale au ingesimama. Kila Ijumaa Mzee Athumani alikuja, akapiga hodi mara tatu, akangoja uani na kofia mkononi, na ndani hakuna aliyeitikia. Nilikuwa nikikaa ukumbini na Mama Hadija, sahani kati yetu, sote tukisikiliza miguu yake ikiondoka. Watu wa mji walitaka apelekwe polisi. Mama Hadija alisema jambo lile ni lake, na watu wakaliacha.

Siku aliyotoka edani alioga, akajitanda khanga mpya, akaniambia nimsindikize. Hatukwenda kwa bintiye wala kaburini. Tulikwenda kwa Mzee Athumani. Alikuwa amekonda, amekaa kwenye kigoda mlangoni, na alipotuona alivua kofia. Alianza kuomba msamaha. Mama Hadija alimzuia kwa mkono. Kama alimsamehe baadaye sijui, hakuniambia, na nilijifunza mwaka ule kutouliza kila kitu. Alikaa mkekani mbele yake.

"Sikuja kwa hayo," alisema. "Nataka siku ile. Asubuhi yake. Aliamka kwangu nikiwa usingizini, akatoka bila kuniamsha. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Niambie yote."

Mzee Athumani alifumba macho. Alianza kwa shida, halafu maneno yakaja yenyewe, kama mtu anayesoma. Alisema Saidi alifika stesheni jua halijatoka, akiwa na ming'oko ya jana imefungwa kwenye jani la mgomba, akawagawia wenzake. Alisema walitania juu ya chumvi. Alisema Saidi alivua viatu akaviweka kwenye kiberenge ili visichakae. Alisema njiani alikuwa na furaha, akiimba vibaya, na mara mbili aliuliza kama wanaweza kumaliza kazi mapema, kwa sababu alitaka kuwahi nyumbani, mtoto wake ameota jino.

Mama Hadija aliinua uso.

"La chini," alisema. "Lilikuwa la chini." Kisha akajifunika khanga usoni, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamsikia akilia.